Barua ya Posa na Pikipiki Isiyoshika

Tangu nimerudi, kila nikitoka nje kupiga mswaki kuna mtu ananiuliza: "Mwalimu, hivi Pugu siku hizi imehamia Morogoro?" Mmehesabu kwamba niliondoka Jumamosi asubuhi nikarudi Jumatatu jioni, na mmeona kanzu yangu ilivyorudi. Nimeeleza barazani mara nne, na kila mara nimekatizwa kabla ya kufika Buguruni. Basi nimeona niandike, msome kwa zamu, na asiyejua kusoma vizuri aje darasani jioni, tutaisoma pamoja polepole.

Mnajua nilichobeba. Athumani wetu, anayepanga chumba cha uani na kufanya kazi kiwanda cha nguo, alinituma niwe mshenga wake. Barua ya posa ilikuwa mfukoni mwangu, imefungwa kwenye leso nyeupe, ya kumposa Mwanahawa binti wa Mzee Pazi wa Pugu. Na mnajua pia kwa nini nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mshenga mwingine, wa kijana wa Kisarawe, naye alikuwa njiani wiki ile ile. Kwa Mzee Pazi barua inayotangulia ndiyo inayojibiwa. Inayofuata inasubiri mpaka ya kwanza ikubaliwe au ikataliwe, na Mzee Pazi si mtu wa kukataa watu ovyo. Kwa hiyo ningechelewa, Athumani angekosa mke kwa sababu ya pikipiki yangu.

Mwananyamala hadi Magomeni

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijatoka uani, tena nililifanya kwa nia njema. Mkono wa klachi, ule wa kushoto kwenye usukani, ulikuwa na ulegevu kidogo. Ukiuvuta, unakwenda upana wa kidole hivi bila kufanya kazi, halafu ndipo unaanza kuvuta waya. Nikajiambia, mshenga haendi ukweni na chombo kinacholegea. Nikachukua spana nikaukaza waya mpaka ulegevu ule ukaisha kabisa. Nikaona raha.

Nikapiga kiki mara moja, ikawaka. Jirani yetu Mama Zuhura akapiga kigelegele, mtakumbuka.

Nilipofika Magomeni nikasimama kumwamkia mzee mmoja ninayemfundisha kusoma, nikazima injini kwa adabu. Kuiwasha tena, ndipo mkanganyiko ulipoanza. Nilikanyaga kiki, ikashuka mpaka chini laini kama mguu uliotumbukia kwenye matope. Injini haikukohoa wala kuguna. Nikakanyaga tena. Ikashuka, ikapanda, kimya.

"Mwalimu," akasema yule mzee, "hiyo baiskeli au?"

"Ni pikipiki, mzee wangu."

"Basi mbona inakwenda bure kama pedali iliyokatika mnyororo?"

Maneno yale yalikuwa na hekima kuliko yote niliyoyasikia siku ile, lakini sikuyasikiliza. Nilisema kiki imekufa.

Fundi Shomari wa pale Magomeni alisema hivyo hivyo. Alikuja na mkoba wa spana, akainama, akaisukuma kiki mara moja kwa mkono, akatikisa kichwa kama daktari. "Springi ya kiki hii, na meno ya ndani yameliwa." Akaifungua. Kweli springi ilikuwa imechoka, akatafuta nyingine kwenye kopo lake la vyuma. Kazi ile ilichukua saa tatu. Nilikula mihogo ya kuchoma na pilipili, nikanywa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa haijafika dukani wiki ya pili. Kila mtu aliyepita aliinama akatazama, akatoa maoni. Mmoja alisema ni plagi. Mwingine alisema pikipiki za Kiingereza zinakataa joto.

Ilipofika saa saba fundi akafunga, akapiga kiki. Ikawaka! Watu wakapiga makofi. Fundi Shomari kwa furaha akasema, "Na klachi nimekukazia kidogo, Mwalimu, bure kabisa. Nimekuta haijakaza vizuri."

Nikamshukuru sana. Sasa naomba hapa mtulie kidogo, maana hapa ndipo sote tulipodanganyika, na mtu yeyote anaweza kudanganyika vile. Iliwaka kwa sababu ilikuwa imepoa kwa saa tatu. Kupoa ndiko kulikoitengeneza, sisi tukampa fundi sifa.

Magomeni hadi Buguruni

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Baadaye injini ikaanza kunguruma kwa nguvu huku mwendo ukipungua. Naongeza moto, kelele inaongezeka, pikipiki inakwenda kama punda aliyekasirika. Baiskeli zikanipita. Mwenye baiskeli mmoja aliyebeba magunia mawili ya mkaa akageuka akaniambia, "Shemeji, ungeshuka uniachie kelele hizo nikabebee mkaa!"

Pale Buguruni ilizimika mbele ya duka la ushirika, na hapo nikapata taabu ya aina nyingine. Kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama. Mtu mmoja kaja kwa pikipiki, amevaa kanzu safi na koti, na mbele ya duka amesimama. Sijui nani alianza, lakini nilisikia, "Huyo ndiye anayetangulia lori la sukari!"

Mama mmoja mnene mwenye khanga ya kijani akanishika mkono. "Ndugu, sukari iko wapi? Imefika Tazara au bado?"

"Mama, mie si wa sukari. Mie mshenga."

"Mshenga wa sukari?"

"Wa posa! Nina barua ya posa."

Akanitazama, akaitazama pikipiki, akawageukia wenzake. "Anasema ana barua!" Foleni nzima ikasogea. Walidhani ni barua ya kutoka wilayani yenye majina ya watakaopewa. Nilieleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani, kwamba kuna kijana, kuna binti, kuna Mzee Pazi. Wakanisikiliza kwa makini mpaka mwisho, halafu mama yule akauliza, "Kwa hiyo lori litakuja saa ngapi?"

Hata hivyo, watu wema. Walipoelewa kwamba sina sukari walinisukuma wote kwa pamoja kuelekea barabara ya Pugu, wakicheka na kuimba nyimbo za harusi, mpaka injini ikashika kwa kubahatisha. Nikawapungia mkono bila kuthubutu kusimama.

Buguruni hadi Ukonga

Sehemu hii niliikokota zaidi kuliko nilivyoipanda. Kwenye tambarare ilinibeba. Kwenye kila kilima, hata kile kisichostahili kuitwa kilima, injini ililia na gurudumu likakataa. Nilikuwa nimeamini kwamba tatizo ni kiki. Lakini kiki kazi yake ni kuwasha tu, ikishawaka haina habari tena. Sasa imewaka, mbona haipandi? Nikafikiri labda nina matatizo mawili. Kufika Kipawa nilikuwa na matano: kiki, plagi, kabureta, petroli chafu, na jicho la mtu.

Nilifika Ukonga magharibi inaingia, nikalala kwa shemeji yangu Bi Asha, mke wa marehemu kaka. Alinipikia wali na dagaa, akaniuliza barua iko wapi, akaitoa kwenye leso iliyolowa jasho akaifunga kwenye nyingine kavu. "Kesho," akasema, "hata ikibidi uache hicho chuma hapa uende kwa miguu, fika." Nilipaswa kumsikiliza. Lakini asubuhi nilipiga kiki mara moja, ikawaka kama malaika. Ilikuwa imelala usiku kucha, imepoa.

Ukonga hadi Gongo la Mboto

Jumapili ile nilikuwa na saa mbele yangu za kutosha, nikadhani. Mnajua siku hizi za kubana petroli: Jumapili ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yanatakiwa yawe yamelala. Nilitoka saa tatu. Saa tatu na nusu, karibu na Gongo la Mboto, ikanizimikia.

Pembeni ya barabara palikuwa na banda la makuti, na ndani yake mchongaji wa vinyago, Mmakonde wa Newala, jina lake Mathias. Alikuwa amekaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa miguu, patasi mkononi. Nilipiga kiki mara ishirini mbele yake. Yeye alichonga tu. Mara ya ishirini na moja akasema, bila kuinua kichwa:

"Ndugu, unamkanyaga nani?"

"Kiki imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Fundi. Na mimi mwenyewe naona."

Akaweka patasi chini, akaja. "Mie pikipiki sijui. Nieleze tu. Ukikanyaga hapa, nguvu inakwenda wapi?"

Nikaanza kumweleza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Miaka mitatu naendesha chombo, nafundisha watu kusoma, na sijui mguu wangu unasukuma nini. Tukainama wote wawili tukafuata kwa kidole. Kwenye pikipiki hii ya zamani kiki haikamati injini moja kwa moja. Inakamata gia, gia inakamata klachi, na klachi ndiyo inayokamata injini. Klachi ni sahani zilizopangwa kama chapati, zimebanwa pamoja na springi. Zikibanana, nguvu inapita. Ukivuta mkono wa klachi, zinaachana, nguvu haipiti.

"Tia gia," akasema Mathias. "Huo mkono wa kushoto usiuguse. Sukuma."

Nikatia gia, nikasukuma. Pikipiki ikatembea laini.

"Injini imezunguka?"

"Haijazunguka."

"Ilitakiwa izuie, sivyo? Gia imeshika, gurudumu linakwenda, injini imelala. Basi hapo kati kuna mtu hajashika kazi."

Akauchukua mkono wa klachi kwa vidole viwili, akautikisa. Haukutikisika.

"Huu hauna ulegevu hata chembe?"

"Hata chembe," nikasema, na nilisema kwa fahari. "Nimeukaza mwenyewe. Fundi naye akaongeza."

Mathias akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, si unaishika klachi siku nzima! Waya umekazwa hivyo, ni sawa na wewe kuuvuta kidogo bila kuachia. Sahani zako zimeachanishwa tangu nyumbani. Zikipata moto ndiyo zinateleza kabisa. Hii patasi yangu nikiishika kwa nguvu toka asubuhi, jioni vidole havishiki kitu. Ilegeze, ipumue!"

Nililegeza nati ile kwa spana yangu mwenyewe mpaka mkono ukarudia ulegevu wake wa upana wa kidole. Tukaacha sahani zipoe. Nikakanyaga kiki. Mguu ukakutana na injini, mara ya kwanza tangu jana nilihisi uzito wa kitu halisi chini ya kiatu, na ikawaka.

Ninyi wenye vyombo vya zamani, msikate tamaa, si kazi ngumu. Ukiona kiki inashuka bure na pia kwenye mlima injini inalia bila kwenda, usifungue kiki. Haya si magonjwa mawili, ni moja. Tazama kwanza kama mkono wa klachi una ulegevu wake. Ulegevu ule si uzembe. Umewekwa.

Ningeondoka pale pale ningefika. Lakini mke wa Mathias alikuwa ameshaweka maji ya ugali wa muhogo jikoni, na kisamvu cha karanga kilikuwa kinanukia. Mtu amekutoa kwenye mateso ya siku mbili, utamwambia una haraka? Tukala. Akanionyesha vinyago vyake vyote, kimoja kimoja, na kila kimoja kina hadithi. Nilipotazama saa ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Gongo la Mboto hadi Pugu

Mgambo alinisimamisha nikiwa sijafika hata mita mia tatu.

"Ndugu, saa nane imeshaingia."

"Ndugu mgambo, sheria inasema magari. Hii ni pikipiki."

Akafikiri. Alikuwa mtu mzima, mpole, na nilimwona anasumbuka kweli. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema pikipiki ni gari kwa sababu inakula petroli. Yeye akasema kibatari nacho kinakula mafuta. Wakabishana kwa heshima, mimi nikiwa katikati, barua mfukoni. Mpaka leo sijui sheria inasemaje. Mwisho wakapata muafaka.

"Sukuma," akasema. "Ukisukuma huendeshi. Hakuna atakayekuzuia."

Ndivyo ilivyokuwa, jamani. Pikipiki iliyokuwa mbovu niliipanda siku mbili, na ilipopona nikaisukuma mpaka Pugu, kilima kwa kilima, kanzu imenasa oili hadi magotini.

Nilipofika kwa Mzee Pazi nikasikia vilio. Uwanja umejaa watu, majamvi yametandikwa, wanaume upande huu, wanawake kule. Mama yake Mzee Pazi, Bibi Tatu, alifariki Jumamosi alfajiri na kuzikwa jioni yake. Na kwenye jamvi la wanaume, kanzu nyeupe kama karatasi, amekaa mshenga wa Kisarawe. Alikuwa amefika jana yake saa nne asubuhi. Barua yake niliiona imetuna mfukoni. Lakini nani atatoa posa kwenye matanga? Alikuwa amekaa nayo tangu jana, akisubiri matanga yaondolewe ili awe wa kwanza kusema.

Nikawa najiuliza nifanye nini, niondoke, nikae, nilie. Ndipo dada yake Mzee Pazi, Bi Mwasiti, anayejua kwamba kwetu ni Tabora, aliponiona mlangoni na pikipiki yangu.

"Haa! Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Mababu zao walibeba pembe za ndovu toka Tabora, huyu kabeba pikipiki! Mpagazi, tua mzigo!"

Wanawake wakaacha kulia wakaanza kucheka. Mmoja akanimwagia unga kichwani. Nikasimama nimeduwaa. Miaka mingi ya mjini, ya kuitana ndugu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na kwamba mtani msibani ana uwanja wake. Anasema lisilosemeka, na hakuna wa kumkasirikia. Wengine wote pale walikuwa wamefungwa midomo na adabu. Mimi peke yangu nilikuwa nimefunguliwa.

Sikuwa na uhakika. Naapa sikuwa na uhakika. Nikatua pikipiki, nikaenda katikati ya uwanja na unga kichwani.

"Huyu bibi," nikasema kwa sauti, "hajafa kwa ugonjwa! Kafa kwa makusudi! Kasikia Mnyamwezi analeta barua ya kumposa mjukuu wake, akasema, bora nife kuliko kuona Wanyamwezi wakimaliza pilau langu! Sasa kajificha huko, lakini mie siondoki. Barua hii hapa!" Nikaitoa, nikaiinua. "Athumani wa Mwananyamala anamtaka Mwanahawa. Bibi, kama hutaki, amka ukatae!"

Bi Mwasiti akaangua kicheko hadi akajishika kiuno, na uwanja mzima ukamfuata, na kicheko kile kikageuka kilio tena, kilio kizito zaidi.

Mzee mmoja akasema, "Mtani msibani hakasirikiwi. Lakini je, anasadikiwa? Hiyo ni posa au ni utani?"

Wote wakanitazama. Mshenga wa Kisarawe akakohoa, akaanza kuingiza mkono mfukoni. Mzee Pazi akamwinulia kiganja. "Wewe bwana si mtani wetu. Tulia, tuko kwenye msiba." Kisha akaipokea barua yangu kwa mikono miwili, bila tabasamu, akaiweka chini ya jamvi alilokalia.

Nililala pale. Nikafagia uwanja, nikachota maji, nikatukanwa mpaka nikazoea. Hakuna aliyeniambia kama barua ile ilikuwa ya kweli au ya mchezo. Mwanahawa alipita mara mbili na sinia la chakula, na uso wake sikuweza kuusoma hata kidogo.

Pugu hadi nyumbani

Jumatatu asubuhi nilimuaga Mzee Pazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. Nikampa pole tena, nikageuka, akaniita.

"Mwalimu, kuni zimetuishia. Wapishi wanalalamika. Ukifika, waambie wakwe zangu walete kuni, ndiyo kazi yao msibani."

"Sawa, mzee," nikasema. Nikatembea hatua tatu, nikarudi nimechanganyikiwa. "Samahani, mzee wangu. Wakwe zako wanakaa wapi, nikawaambie?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyesoma mstari mzima bila kuelewa neno.

"Si huko Mwananyamala ulikotoka?"

Ndiyo maana, Athumani, uliponipokea langoni ukaniuliza mara tatu wamejibu nini, nilikuambia kwanza uende ukaazime shoka.